Filta ya oili kwa ndege ya kujijengea: ipi ununue kama unarukia Arusha au Moshi

Wajenzi wengi wa ndege hutumia miezi kuchagua propela na vyombo vya dashibodi. Filta ya oili huamuliwa mwishoni, kwa kuangalia nafasi iliyobaki kati ya injini na ukuta wa kuzuia moto. Hapo ndipo makosa huanzia. Filta inakamata uchafu, na pia inakupa ushahidi wa kinachoendelea ndani ya injini: chuma kinacholika leo kwenye kamu utakiona kwenye karatasi ya filta kabla presha ya oili haijashuka. Kwa hiyo tumepima chaguo hizi tukianza na swali moja: muda wa matengenezo ukifika, utaweza kuifungua filta na kusoma kilichomo?

Mazingira yetu nayo yana neno lake. Kiwanja cha Arusha, Kisongo, kiko futi 4,550 juu ya usawa wa bahari, kiwanja cha Moshi futi 2,801, na vyote vina lami. Shida iko kwenye viwanja vya mbugani, hasa Juni hadi Oktoba, ambako vumbi laini la udongo wa volkano huinuliwa na propela yenyewe. Vumbi hilo huingia kwa njia ya hewa, linakwangua silinda na ringi, halafu ndipo linafika kwenye oili. Filta ya oili ni mlinzi wa mwisho, haiwezi kufidia filta ya hewa iliyopasuka au isiyokaa sawasawa kwenye kiti chake. Na ukiwa ardhini kwenye vumbi usivute kipasha joto cha kabureta bila sababu, kwa sababu kwenye injini nyingi hewa ya njia hiyo haipiti kwenye filta kabisa.

Kama injini yako ni Rotax 912, mjadala ni mfupi. Nunua filta ya Rotax yenyewe. Valvu yake ya baipasi, inayoruhusu oili ipite bila kuchujwa filta ikiziba, imepangwa kwa ajili ya injini hiyo, na filta ya gari inayofanana nayo kwa umbo inaweza kufungua baipasi mapema mno au kuchelewa. Paka oili kwenye mpira wake, ifunge kwa mkono hadi mpira uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Usizungushe propela kinyumenyume, maana hewa itaingia kwenye mfumo wa oili. Ukitumia petroli ya ndege ya Avgas 100LL muda mwingi, badilisha oili na filta kila saa 50, kwa sababu madini ya risasi yaliyomo kwenye mafuta hayo hujikusanya ndani ya oili.

Wenye injini za Lycoming O-320, O-360 na ndugu zao ndio wenye kazi ya kuchagua.

Namba 1: filta ya kuzungusha, imefungwa kwenye injini kwa adapta

Hii ndiyo tunayoipendekeza kwa karibu kila mtu. Oili yote inapita kwenye karatasi, ganda ni nene, mwishoni pana kichwa cha pembe sita cha spana ya inchi 1, na pana sehemu ya kupitishia waya wa usalama, unaozuia filta isijilegeze. Zinazotumika zaidi ni za familia ya 48108, iliyo ndefu, na 48110, iliyo fupi, kutoka kampuni za Champion au Tempest. Chukua ndefu kama inaingia. Karatasi yake ni nyingi zaidi na bei hazitofautiani kiasi cha kukuumiza kichwa.

Pima kabla ya kulipia adapta. Filta ikikaa kuelekea nyuma moja kwa moja, inaweza kugusa mabomba ya kubebea injini. Acha nafasi ya kutosha kuifungua na kuitoa bila kulegeza kitu kingine, milimita 25 zaidi ya urefu wa uzi wake wa skrubu. Nafasi ikikosekana kuna adapta za digrii 90, na hizo ndizo zinazookoa ndege nyingi ndogo. Kubali bei yake.

Wakati wa kubadilisha, kasoro ya mfumo huu ni magneto, yaani vifaa vinavyotoa umeme wa cheche za plagi. Filta iliyolala ikifunguliwa humwaga oili juu ya magneto hizo. Toboa tundu dogo upande wa juu wa filta ya zamani, subiri oili ishuke ndani ya sampu, tangi la oili chini ya injini, kisha weka chini yake chupa ya plastiki iliyokatwa ubavuni ndipo ulegeze. Ile mpya ipakwe grisi ya silikoni ya DC-4 kwenye mpira wake na ikazwe Nm 22 hadi 24, yaani futi-paundi 16 hadi 18 kama ilivyochapwa kwenye ganda. Funga waya wa usalama wa inchi 0.032 ukivuta upande wa kukaza. Kukaza kwa kukisia kunaleta hasara pande zote mbili: ikilegea inavuja, ikizidi mpira unabanwa hadi unachomoka.

Ukinunua injini iliyotumika, chunguza gasketi ya bamba la kufungia filta, linaloitwa converter plate kwa Kiingereza. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilitoa agizo la lazima AD 2002-12-07 kuhusu gasketi hizo kwenye baadhi ya injini za Lycoming, kwa kuwa zilikuwa zikitoka mahali pake na kumwaga oili. Usiruke nayo hadi ujue ni gasketi gani imefungwa.

Namba 2: filta ya mbali, kwenye ukuta wa moto

Filta ni ileile, ila inafungwa kwenye ukuta wa moto na kuunganishwa kwa hozi mbili. Inasimama wima, kwa hiyo unaweza kuijaza oili kabla ya kuifunga, na magneto zinabaki safi. Sababu ya kuiweka ya pili ni idadi ya maungio: kila kiungo kilichoongezwa ni mahali pengine pa kuvujia, na uvujaji kwenye mkondo mkuu wa oili humaliza sampu ndani ya dakika chache. Tumia hozi za PTFE (teflon) za namba 8 zenye soksi ya kuzuia moto na viungio vya AN, yaani vya kiwango cha ndege. Clipu za gereji za kubania mipira hapa ni marufuku.

Kosa linaloua injini ni kubadilishana hozi. Oili lazima iingie kwenye matundu ya pembeni ya filta na itokee tundu la katikati. Ukigeuza, valvu ya kuzuia oili isirudi inafunga njia, na injini inakauka. Weka alama ya rangi kwenye kila hozi kabla hujaitoa.

Namba 3: wavu wa chuma cha pua unaooshwa

Kwa mtu anayesubiri vipuri kutoka ng'ambo, filta isiyotupwa inavutia sana, na kuisoma ni rahisi kwa sababu huhitaji kuikata. Lakini wavu kwa kawaida una matundu makubwa kuliko karatasi. Tena kuuosha kwenye hanga lenye vumbi ni hatari: chembe moja upande wa ndani wa wavu inaenda moja kwa moja kwenye beringi. Kama huna chumba kisafi na oringi mpya kila unapofungua, acha.

Namba 4: kichujio cha wavu kilichokuja na injini

Kinafanya kazi, ila Lycoming inataka oili ibadilishwe kila saa 25 badala ya 50. Vumbi laini linapita. Vumilia nacho ukisubiri adapta.

Usinunue: filta ya gari kwa Lycoming

Maduka ya spea ya mtaa wa Unga Limited jijini Arusha yatakuwa na filta ambayo uzi wake unaingia. Hilo halitoshi. Ganda lake halikutengenezwa kwa kazi hii, hakuna pa kufungia waya, na hujui valvu yake inafunguka kwa presha gani. Injini za Volkswagen zilizogeuzwa ni habari nyingine, nyingi zimepangiwa filta za gari. Fuata namba aliyoitaja mtengenezaji wa injini, usibadilishe chapa kila mara, na zungushia ganda clipu ya chuma ili upate pa kufungia waya.

Kuisoma

Nunua kikata filta pamoja na filta ya kwanza. Msumeno unaingiza chembe zake mwenyewe na kukuharibia ushahidi. Kata karatasi, ikunjue, ioshe kwenye kiyeyushi kisafi ndani ya ndoo nyeupe, kisha pitisha sumaku. Vipande vyeusi vinavyosagika kwa vidole ni kaboni. Vinavyoshika sumaku ni chuma cha kamu, tapeti au gia. Vinavyong'aa bila kushika sumaku vinaweza kuwa vya beringi au vya vizibo vya pini za pistoni. Ukikuta kipande cha ukubwa wa ncha ya penseli iliyovunjika, ndege ikae chini: fungua na wavu wa sampu utafute vingine, ukifuata taarifa ya Lycoming namba 480.

Uagize ngapi

Lycoming inasema saa 50 au miezi 4, kinachotangulia. Hata ukiruka kidogo, ni filta tatu kwa mwaka, kwa sababu ndege inayokaa hukusanya unyevu na asidi kwenye oili. Kwa injini mpya ongeza moja ya saa 25 za kwanza, na nyingine ya akiba. Agiza tano kwa mzigo mmoja pamoja na gasketi zake, uzihifadhi ndani ya mifuko yake bila kuifungua. Kuweka au kubadilisha mfumo wa filta kuandikwe kwenye kitabu cha injini, na ndege ikiwa na usajili wa Tanzania, 5H, zungumza na mamlaka ya anga, TCAA, kabla ya kutoboa ukuta wa moto.

Baada ya kufunga, washa injini kwa mizunguko 1,000 kwa dakika ukiwa umeikazia macho geji. Presha isipopanda ndani ya sekunde 30, zima. Ikipanda, acha injini ipate moto, zima, kagua kila kiungo kwa tochi na kitambaa cheupe, kisha pima oili upya: filta imekunywa kiasi chake, ukijaze.