Muvi na komedi nilizoangalia likizo hii (ile ya Liam Neeson usiangalie na mama mkwe)

Niseme mapema kabisa mimi sio mchambuzi wa filamu, mimi ni fundi simu, nikifunga kibanda saa mbili usiku nakuja home nakula, afu nataka kitu cha kunichekesha nilale. Kwahiyo kama unatafuta mambo ya kamera sijui rangi sijui mwangaza, hapa umepotea njia. Tuna apu mbili, moja nalipia mimi nyingine analipia shemeji, paswadi tumebadilishana, na tivii ni inchi 32 imening'inia ukutani imelala upande kidogo, ndio hivyo hivyo.

Naanza na The Naked Gun maana hii imeniachia kovu. Nasemea mpya ya 2025, sio ya 1988 ya Leslie Nielsen, japo ni ukoo ule ule, humu Liam Neeson ndio mtoto wa yule polisi mpumbavu wa zamani. Ina dakika 85 tu na hilo peke yake ni la kushukuru, siku hizi muvi inaanza magharibi inaisha watu wanajiandaa na swala ya alfajiri.

Sasa wiki ile mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Muheza. Tukamaliza kula, mama Nasra kaenda kumlaza mtoto, nikabaki sebuleni na mama mkwe, kimya, mnajua kile kimya. Nikasema ngoja niweke kitu. Kumuona tu Neeson mama akakaa vizuri kwenye kochi, "Baba Nasra, huyu si yule baba aliyetekewa binti?" Maana Taken ameiangalia ile iliyotafsiriwa, anaijua kuliko mimi. Nikamwambia ndio mama, mwenyewe. "Haya, tuone leo wamemchukulia nani."

Inaanza na wizi wa benki, majambazi wameshika kila mtu mateka, mara anaingia kabinti kadogo ka shule na pipi yake ya kijiti, kanaongea kwa sauti ya kitoto, ghafla kanajivua sura na yule kabinti ndio Neeson mwenyewe, jitu lile zima na urefu wake wote, ndani ya kisketi cha shule. Mama mkwe alicheka mpaka anajifuta machozi kwa kanga. Na mimi nikaona aah, nimepatia, mkwe wa maana. Kuna vitu vya kijinga vinajirudia humo hata huwezi kumuelezea mtu akakuelewa, kama vikombe vya kahawa, yaani polisi popote walipo kuna mkono tu unatokea unawapa kikombe cha kahawa, hata wakiwa kwenye gari, na hakuna anayeshangaa. Neeson karibu muda wote yuko mkavu. Sura ni ile ile ya kumtafuta binti aliyetekwa, na hapo ndipo utamu ulipo.

Afu ikafika sehemu ya barafu. Neeson na Pamela Anderson wameenda mapumziko kwenye kinyumba cha mbao huko kwenye theluji, wanajenga sanamu la theluji, wanasoma kitabu cha uchawi sanamu linakuwa hai, mpaka hapo hamna shida, ni kama katuni. Kumbe linaendelea. Mambo ya chumbani. Watatu. Wawili wa nyama na mmoja wa barafu. Nikatafuta rimoti, rimoti ameikalia mama mkwe. Utamwambiaje mama mkwe ainuke? Nikajifanya nimepigiwa simu nikatoka barazani nikasimama gizani naongea na simu iliyozima, "eeh... eeh... kesho bosi wangu", nasikia mbu tu. Niliporudi ananiambia bila hata kunigeukia, "Lile la barafu limeshikwa na wivu, linataka kuwaua." Kwa sauti ya mtu anayefuatilia taarifa ya habari.

Kwa kucheka naipa 8 kati ya 10. Kwa amani ya nyumba naipa 2.

Nyingine ambayo imeteka nyumba yangu ni Abbott Elementary, hii sio mpya sana, ilianza Desemba 2021, sisi tumechelewa tu. Ni ya shule ya msingi ya serikali huko Philadelphia, Marekani, na imetengenezwa kama vile kuna watu wamekuja kuwarekodi walimu, kwahiyo mwalimu katikati ya maongezi anatupa jicho kwenye kamera. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, la pili. Nilimwekea nikijua atasinzia. Dakika ya kumi hivi akaninyang'anya rimoti, akasimamisha, akaniambia, "Hii wameiandika shuleni kwetu."

Kisa cha kwanza ni zulia. Mwalimu Janine anataka zulia jipya la darasani maana la zamani mtoto kalikojolea, na kule watoto wadogo wanakaa kwenye zulia wakisomewa. Linapatikana fungu la dharura, dola 3,000, linakabidhiwa kwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu, anaitwa Ava, ananunua bango jipya la shule. Mama Nasra hakucheka. Aligonga paja akasema "si nilikwambia?" kana kwamba mimi nilikuwa nimebisha. Afu mnakuja kugundua Ava ukuu wenyewe aliupataje: wanasali kanisa moja na bosi wa shule zote za huko, akamfuma na mwanamke ambaye sio mkewe, mama mmoja wa uongozi wa kanisani. Ava alikuwa anatafuta kazi. Ikaisha. Hapo ndo mke wangu akacheka, alicheka peke yake kwa muda mrefu, na mpaka leo hajaniambia alikuwa anamfikiria nani.

Kilichonishika mimi ni kwamba hawa wazungu na weusi wa Marekani wenye mashine za kila kitu bado mwalimu anatoa hela mfukoni kwake. Mama Nasra ananunua manila na maka pen za zana za kufundishia kwa hela yake, naziona zimekunjwa nyuma ya kabati, usiku anachora panya na papai za herufi p huku mimi nalalamika taa. Kuna episodi walimu wanajirekodi video fupi za mtandaoni kuomba watu wawanunulie vifaa vya darasani, kuna nyingine taa ya korido inawaka na kuzima Janine anajitia fundi, anazima umeme mpaka madarasani. Huyu Janine ni mwenyewe Quinta Brunson aliyeitunga, na mama yake mzazi alikuwa mwalimu wa watoto wadogo huko huko Philadelphia, kwahiyo ndio maana, huwezi kuyajua hayo kwa kuhadithiwa. Mwaka 2022 alichukua Emmy, tuzo kubwa ya tivii ya Marekani, ya uandishi, na yule mama mkubwa wa heshima, Barbara, anayeigizwa na Sheryl Lee Ralph, akachukua ya uigizaji, akapanda jukwaani akaanza kwa kuimba. Mama Nasra anampenda huyo kuliko wote. Anasema kila shule ina Barbara wake, akiingia ofisini hata mwalimu mkuu anashusha miguu mezani.

Na kama uliangalia Everybody Hates Chris zamani, yule dogo aliyekuwa anaonewa na kila mtu, Tyler James Williams, yumo, sasa hivi ni mwalimu Gregory, kachomekea, mkavu balaa. Aliomba ukuu wa shule akakosa, akaishia kushikilia darasa kwa muda chini ya Ava huyo huyo. Episodi moja ni dakika 22 hivi. Unaangalia mbili wali unaiva.

Kasoro? Mapenzi ya Janine na Gregory yanavutwa kama lastiki. Basi.

One of Them Days nayo ya 2025, Keke Palmer na SZA yule mwimbaji, marafiki wawili wa kike wamepanga pamoja Los Angeles, kodi dola 1,500 kwa mwezi, na siku ya kulipa ndio leo. SZA hela amempa bwana wake ampelekee mwenye nyumba. Dada zangu. DADA ZANGU. Bwana kaiingiza kwenye biashara yake ya fulana. Kwahiyo muvi nzima ni siku moja ya kuhangaika kabla hawajatolewa vyombo nje, wanaenda kuuza damu inaruka kama bomba limepasuka, wanaenda kukopa kwenye mikopo ile ya haraka haraka dada wa kaunta akiona historia yao ya madeni anaangua kicheko mbele yao, mmoja anapanda nguzo kushusha raba zinazoning'inia kwenye waya wa umeme, na unajua kabisa nini kitatokea na bado unacheka.

Ila kuna sehemu niliacha kucheka. Ukibadilisha hiyo kodi ni hela inayokaribia milioni 4 za kwetu kwa mwezi, nikasema sawa hao ni matajiri, afu nikakumbuka mimi hapa Dar mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo na dalali anataka mwezi wake juu, na mwaka juzi nilikaa siku nne nazima simu nikimuona anapiga. Kwahiyo pale wanaponyata kupita mlangoni kwa mwenye nyumba, ule mwendo naujua, nimeutembea mimi. Naipa 8 na nusu. Katikati wanaongeza mambo ya magaidi wa mtaani ambayo hayakuwa na lazima, kodi peke yake ilikuwa inatosha kutisha.

Sinners sio komedi lakini nitaisema maana kila mtu aliniambia niangalie. Kaiongoza Ryan Coogler, Michael B. Jordan anaigiza mapacha, Smoke na Stack, wanarudi kwao Mississippi mwaka 1932 wakitokea Chicago na hela zisizo na maelezo, wananunua jengo kuukuu la kupasulia mbao wanalifanya ukumbi wa muziki. Saa ya kwanza karibu hamna jini wala nini, ni kukusanya watu tu, mpiga piano mlevi, mpishi mwenye dawa zake, binamu na gitaa, na mimi ndio niliyoipenda zaidi hiyo saa. Binamu anapoimba usiku wanatokea waliokufa na ambao hawajazaliwa, ngoma za Afrika, gitaa la umeme, DJ, wote wanacheza humo humo, nywele zilinisimama, nikarudisha nyuma nikaangalia tena kwa sauti ya chini maana watu wamelala.

Afu wanakuja wanyonya damu. Na hawa hawawezi kuingia mpaka wakaribishwe. Yaani wanapiga hodi. Kwetu mtu akipiga hodi mara tatu asipojibiwa anaondoka zake, hawa hawaondoki, wanasimama nje wanaimba kwa adabu zote. Baunsa wao katoka nje kukojoa, karudi anaomba aingie, na mlango si upo wazi, unaomba nini? Hapo nikavuta shuka. Waliobaki ndani wanakuja kupimana kwa kutafuna kitunguu saumu mmoja mmoja, kipimo ambacho mama Nasra angekifeli maana hakiweki mdomoni. Muvi ikaisha majina yakaanza kupita nikazima, wiki mbili baadae shemeji ananiuliza, vipi yule mzee wa mwisho? Mzee gani? Kumbe baada ya majina kuanza kuna sehemu nzima, mwaka 1992, binamu kazeeka, na anayeigiza ni Buddy Guy mwenyewe mkongwe wa gitaa. Nikarudi kuiangalia. Usizime.

The Studio ilibeba Emmy 13 mwaka 2025, Seth Rogen ni bosi wa kampuni ya filamu anayetaka wasanii wampende, episodi ya kwanza yumo mpaka Martin Scorsese. Watu wanaisifia, nami naona kazi ni nzuri, ila nilikuwa nafuatilia matajiri wanaogombea mabilioni huku natafuna kucha, kila mtu anapiga kelele. Nikiacha kazi ya mteja mwenye hasira kibandani siwezi kuja nyumbani nikaangalia wateja wengine wenye hasira. Na The Bear, ile ya jikoni Chicago, iliyoshinda tuzo kwenye kundi la komedi, aliyeiita komedi tumkalishe chini atuonyeshe ni wapi pa kucheka. Chakula kinapendeza lakini.

Mama mkwe kabla hajaondoka alisema haya yote mazuri ila hakuna mchekeshaji King Majuto. Wa Tanga mwenzake, lazima. Tukamtafutia za zamani kwenye simu, picha zimepauka, sauti inakwaruza, mzee Majuto Mungu amrehemu hajasema neno, kakaa tu anafunga shuka vizuri anamwangalia kijana aliyekuja kuposa, na nyumba nzima tumelala chini, mpaka Nasra aliyekuwa amelazwa akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Bando likaishia hapo kijana hajajibiwa.

Abbott tumeishia sizoni ya 2, episodi ya katikati. Shemeji yuko safarini Mwanza na paswadi kabadilisha, sijui kwa makusudi, mama Nasra kampigia mara tatu tangu asubuhi.