Kichujio cha Polaraiza na Njia ya Msitu wa Amani: Uzoefu Wangu

Nilinunua kichujio cha polaraiza, yaani kioo cha duara kinachofungwa mbele ya lenzi ya kamera ili kupunguza mmeto, kwa sababu ya picha moja iliyoninyima raha. Nilikuwa nimeipiga katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki wilayani Muheza, katika njia nyembamba inayopita chini ya miti mirefu si mbali na Zigi. Nilipokuwa nimesimama pale niliiona njia vizuri kabisa, lakini nilipoifungua picha nyumbani njia ilikuwa imepotea. Kulikuwa na mizizi, makangaga, matawi yaliyokatiza mbele, vipande vyeupe vya anga katikati ya majani, na kila jani lililolowa lilimetameta kana kwamba limepakwa mafuta. Jicho halikupata pa kutua.

Kwanza nilitafuta dawa katika uhariri. Nikaongeza ukali wa picha na tofauti ya mwanga na kivuli, na mambo yakaharibika zaidi, kwa kuwa kila jani sasa lilidai kutazamwa. Mahali ambapo mmeto ulikuwa mkali, rangi ya kijani haikuwa imenaswa na kamera tangu mwanzo, kwa hiyo hapakuwa na cha kurudisha. Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya kichujio hiki: huzuia sehemu kubwa ya mwanga unaoakisiwa na majani na maji kabla haujaingia kwenye lenzi. Unazungusha duara lake la mbele taratibu huku ukitazama, na majani yanavua weupe wao na kubaki na rangi yao halisi.

Changu kilinigharimu shilingi 65,000. Lenzi zangu mbili, ile pana ya milimita 18–55 na ile ndefu ya milimita 55–250, zote zina mdomo (pale kichujio kinapofungwa) wenye kipenyo cha milimita 58, hivyo kimoja kilinitosha. Gharama nyingine ni mwanga. Chini ya miti ya Amani, mahali ambapo ningepiga kwa sekunde 1/30, nikikifunga hunilazimu kushuka hadi takriban 1/10, yaani kamera hukaa wazi muda mrefu zaidi, na kwa kasi hiyo mkono hauwezi kutulia. Bila tripodi, ile stendi ya miguu mitatu, usijisumbue kukibeba msituni. Vilevile hiki nilichonacho huacha rangi ya ubaridi kidogo, yaani picha inaelekea kwenye bluu, na siku moja yenye unyevu duara lake liligoma kufunguka hadi nilipolikausha kwa kitambaa.

Jambo lililonichukua muda mrefu kujifunza ni kwamba si vizuri kukizungusha hadi mwisho. Mara ya kwanza nilifanya hivyo nikidhani ndiyo faida kamili, nikaona majani yametulia lakini njia nayo imezimika, kwa sababu baada ya mvua kilichoitenganisha njia na vichaka ni ule mng'ao wa udongo uliolowa. Siku hizi nazungusha hadi majani yapoe, kisha narudi nyuma kidogo mpaka njia iwake tena. Nafasi hiyo ni ndogo, na hubadilika kila unapohama hatua chache.

Niliporudi Amani nilikwenda asubuhi, ukungu ukiwa bado umetanda. Ukungu ule ulinifanyia kazi ambayo programu yoyote ingetoa jasho kuifanya: uliifuta miti ya nyuma na kuacha michache ya mbele ikisimama peke yake. Niliiweka kando lenzi pana, inayokusanya kila kitu, nikatumia ile ndefu kwenye milimita 100 hivi ili anga lisiingie kabisa. Kisha nikasogea kushoto kidogo kidogo hadi shina moja lililopinda likaacha kuifunika kona ya njia, na njia ikaingia kutoka pembe ya chini na kupotelea ukunguni. Niliokota kijiti kimoja kikavu kilichokuwa mbele ya lenzi. Mimea hai sikuigusa, kwani ile ni hifadhi na picha haina haki ya kukata tawi.

Uhariri wa mara hii nilioufanya kwa programu ya Snapseed kwenye simu haukuzidi dakika 10. Nilikata ukanda wa juu, nikaongeza joto la rangi ili kuondoa ule ubluu, na nikapunguza ukali wa kijani. Kazi kubwa ilifanywa na kifaa cha kuchagua sehemu: unaweka nukta juu ya jani angavu lililo ukingoni, unalififisha, kisha unaweka nyingine kwenye kona ya njia na kuiangaza kidogo sana. Sikufuta kitu. Kufifisha kunatosha, na jicho hufuata mwanga lenyewe.

Kwa anayepiga picha kwenye misitu yenye mvua na mwenye tripodi, ningekipendekeza kichujio hiki kabla ya lenzi mpya. Angalia kwanza kipimo kilichoandikwa kwenye mdomo wa lenzi yako, na kama sehemu ya mbele ya lenzi huzunguka inapotafuta fokasi (kuiweka taswira iwe wazi), maliza kufokasi ndipo uzungushe kichujio. Mwenye lenzi za midomo tofauti anunue cha mdomo mkubwa zaidi pamoja na pete ya kupandishia kipimo (step-up ring), inayokiunganisha na lenzi yenye mdomo mdogo, maana pete hiyo ni rahisi kuliko kichujio cha pili.