Hogo mguuni, usingizi hakuna: uzoefu wangu na programu ya kutuliza akili

Bodaboda iliteleza, nikavunjika mguu chini ya goti. Nikafungwa hogo, nikaambiwa nikapumzike nyumbani. Kutwa nzima nimejilaza, lakini usiku ukifika macho makavu: nawaza kodi ya fremu, nawaza wateja wanaohamia kwa jirani. Asubuhi naamka shingo imekakamaa kama mtu aliyeshinda Kariakoo akibeba viroba.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akanifafanulia: ukiwa na hofu, moyo unakwenda mbio na misuli inakaa tayari kukimbia, hata kama umelala chali. Na homoni ya ukuaji, inayosaidia mwili kujikarabati, humwagwa kwa wingi katika usingizi mzito, ule ambao mimi nilikuwa sifiki. Akanishauri nijaribu programu ya simu ya kutuliza akili.

Nikapakua moja, siku saba za bure. Cha kwanza kunifungulia: sauti ya mvua. Jamani, mimi nakaa Kigogo bondeni! Kwetu mvua ikinyesha watu hawalali, wanainua magodoro. Nilikodoa macho mpaka saa nane.

Kilichonifaa ni zoezi la kukaza na kulegeza misuli, mbinu ya Edmund Jacobson, daktari Mmarekani aliyeiandikia kitabu mwaka 1929. Unakaza ngumi kama sekunde tano, unaachia, unasikilizia mkono unavyokuwa mzito. Kisha mabega, uso, tumbo. Mguu wenye hogo niliuruka, kama nilivyoelekezwa. Nilipofika kwenye meno ndipo nilipogundua kumbe siku zote nalala nimeyauma.

Tatizo, maelezo ni Kiingereza kitupu. Nikawa natafsiri kichwani, kama niko kwenye mtihani. Halafu siku ya nane wakakata hela ya mwaka mzima, hata ujumbe wa kunikumbusha hakuna. Hapo niliumia kuliko mguu.

Mwishowe dada alinisomea maelezo yaleyale kwa Kiswahili, polepole, nikamrekodi. Nyuma yake mafuta ya maandazi yanasikika yakichacharika. Mfupa uliunga kwa muda wake, sitadanganya, ila kuanzia wiki ya tatu nilikuwa nalala mpaka adhana ya alfajiri, na shingo ikaachia.

Programu naipa nyota mbili. Dada anataka tano, na vocha juu.