Kung'arisha taa na boneti Gerezani: taa sawa, boneti hapana

Toyota IST yangu nyeusi inalala nje na kushinda nje hapa Dar, na jua limeshaila. Taa za mbele njano kama chai ya maziwa, boneti imeanza kubabuka klia, lile tabaka angavu la juu ya rangi. Nikaipeleka kwa vijana wa Gerezani, elfu thelathini taa zote mbili.

Taa wanazijua. Walifunika kingo za bampa na fenda kwa tepu, wakapiga msasa wa maji namba 800, 1500, kisha 2000, maji yakichuruzika meupe, ndipo wakaleta mashine na polishi. Nilichopenda zaidi ni mwisho: walipaka klia yenye kinga ya jua. Lenzi za taa siku hizi ni plastiki, na ile kinga ya kiwandani ndiyo inayoliwa na jua. Fundi akikutolea njano bila kurudisha kinga, utarudi kwake mapema sana. Uliza kabla hujatoa hela.

Boneti ni habari nyingine. Waliniahidi polishi itaondoa mabaka. Wapi! Klia ikishababuka hakuna nta ya kuirudisha, ni kupiga rangi upya. Iling'aa mpaka nilipoosha gari. Si wangesema tu, jamani?

Dashibodi waliipaka mafuta ambayo sikuyaomba. Mchana yanaakisi kwenye kioo cha mbele, nikayafuta. Ila pazia la jua la kioo wanalouza hapo, chukua. Usukani sasa unashikika saa nane mchana.

Taa, nne kati ya tano. Boneti, mbili, tena za huruma.