Laptopu ya Zamani au Mpya: Ninavyozipanga

Mtu akiniuliza kama anunue laptopu mpya ya bei ya chini au ya zamani iliyowahi kuuzwa ghali, jibu langu ni lilelile: angalia kwanza mashine ilitengenezwa kwa ajili ya nani, ndipo uulize mwaka. Laptopu iliyoundwa kuhimili kazi za ofisi kila siku, hata ikiwa na miaka mitano, mara nyingi huiacha mbali ile iliyofunguliwa leo kwenye boksi kwa bei hiyohiyo.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza nazipa laptopu za ofisi zilizotumika: ThinkPad za mfululizo wa T za Lenovo, Latitude za Dell, EliteBook za HP. Lakini usishuke chini ya kizazi cha 8 cha prosesa (ubongo wa kompyuta) za Intel. Prosesa ya i5-7200U ina kore 2, yaani sehemu mbili za kuchakata kazi. I5-8250U iliyoifuata mwaka 2017 ina kore 4, na tofauti utaiona pale unapofungua kurasa nyingi huku uko kwenye mkutano wa video. Isitoshe, Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikataa karibu prosesa zote za Intel zilizotangulia kizazi hicho. Usidanganywe na kibandiko cha "i5" peke yake. Soma namba inayofuata: 8250U ni kizazi cha 8, 10210U ni cha 10, 1135G7 ni cha 11. Mimi naipenda sana ThinkPad T480, kwa kuwa ina nafasi mbili za RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) na betri ya nyuma inayochomolewa kwa mkono. Ikichoka, unaweka nyingine na kazi inaendelea.

Ya pili ni MacBook Air ya Apple yenye chipu ya M1, iliyotoka Novemba 2020. Haina feni, haipigi kelele, na chaji yake inakaa. Ile ya M2 ya mwaka 2022 ina skrini kubwa kidogo na kamera bora, ila toleo lake la GB 256 lina chipu moja ya hifadhi badala ya mbili, hivyo kunakili mafaili makubwa huwa taratibu kuliko kwenye M1. Kama hicho ndicho kiasi cha hifadhi unachotafuta, sioni sababu ya kuongeza fedha nyingi. Kumbuka tu kwamba RAM yake haiongezeki kamwe, kwa hiyo ukipata ya GB 16, chukua. MacBook za Intel ziache.

Toleo jipya kabisa la laptopu ya bei ya juu naliweka la tatu. Lina udhamini na betri ambayo haijaguswa. Kwa anayehariri video kila siku, linastahili bei yake. La mwaka jana likiwa bado jipya na limepunguzwa bei, hilo ni bora zaidi.

Mwisho kabisa, na hapa nasema kwa uchungu, ni laptopu mpya za bei rahisi zenye prosesa dhaifu ya Celeron N4020, RAM ya GB 4 na hifadhi ya eMMC (aina ya bei nafuu) ya GB 64. Nilimnunulia mdogo wangu moja alipoanza chuo. Windows 11 yenyewe inadai angalau hifadhi ya GB 64, basi kila sasisho lilipokuja alilazimika kufuta picha na notsi zake ili lipate pa kuingia. Hifadhi ilikuwa imelehemewa kwenye ubao, hivyo hatukuwa na cha kubadilisha.

Ukienda kukagua iliyotumika, usione haya kuchukua muda. Andika "powercfg /batteryreport" kwenye dirisha la amri (Command Prompt), ufungue ripoti, ulinganishe uwezo wa betri wa kiwandani na wa sasa. Ikitoka 50,000 ikafika 30,000, imebaki asilimia 60, na bei ya betri mpya iondolewe kwenye bei ya mashine. Bonyeza kila kitufe cha kibodi. Fungua na kufunga mfuniko taratibu huku ukisikiliza bawaba. Halafu izime, uiwashe na kuingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine): ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, irudishe mezani. Kwa MacBook, akaunti ya mmiliki wa zamani iondolewe mbele ya macho yako, kabla hujatoa hela.