Makumbusho ya Misheni Bagamoyo: acheni kukimbilia Livingstone, anzeni na nyumba ya masista

Kama unakuja Bagamoyo na ratiba yako ni Kaole, Ngome Kongwe, pweza wa kukaanga sokoni alafu huyoo Dar, ongeza masaa mawili ya misheni ya Wakatoliki. Na ukishafika misheni usifanye kama wanavofanya wote, wanashuka kwenye gari moja kwa moja mpaka mnara wa Livingstone, selfi tatu, wanaondoka. Jamani Livingstone, yule mmisionari mpelelezi wa Kiingereza, alilala pale usiku mmoja tu, tena maiti, Februari 1874, baada ya watumishi wake kina Chuma na Susi kumbeba kwa miguu kutoka huko ambako leo ni Zambia. Heshima zake anazo, na kina Chuma ndo wanastahili zaidi kwa kazi ile, ila kuna watu waliishi pale miaka na miaka na hakuna anayewaulizia.

Mi ni mtu wa hapahapa, Magomeni, Muislam, na wengi tuliokulia huku misheni tunaijua kwa nje tu, ile njia ya miembe, kengele, kanisa kubwa, basi. Nilimpeleka shangazi yangu aliyekuja kutoka Tanga ndo nikaingia makumbusho kwa utulivu, na kiukweli nilivyotoka nilikuwa na maswali mengi kuliko nilivyoingia, ambayo kwangu ndo dalili ya makumbusho nzuri.

Kwanza jengo lenyewe. Hiyo nyumba iliyowekwa vitu vya makumbusho ilijengwa 1876 na ilikuwa nyumba ya masista. Kwa hiyo ukiwa unaangalia zile picha za zamani na minyororo na pingu za watumwa, jua umesimama ndani ya vyumba walivyokuwa wanakaa wao. Wanaitwa Mabinti wa Maria, na hapa ndo pananogea, shirika lao halikuzaliwa Ulaya, limezaliwa Réunion, kisiwa cha Bahari ya Hindi hii hii tunayoogelea, mwaka 1849. Utumwa Réunion ulifutwa tarehe 20 Desemba 1848, yaani hata mwaka haujaisha! Mwanzilishi ni Aimée Pignolet de Fresnes, binti wa familia ya walowezi wa Kifaransa, akiwa na padri Frédéric Levavasseur wa shirika la Roho Mtakatifu, na kwenye kundi lake la mwanzo wakawemo wanawake waliotoka utumwani juzijuzi tu. Sasa piga picha kwa zama zile, mtoto wa bwana na mtu aliyekuwa anamilikiwa kama ng'ombe wanavaa shela moja, wanakula meza moja, wanaitana sista. Walowezi wenzake walivyolipokea hilo sina haja ya kuwaeleza.

Alafu hesabu miaka. Desemba 1860 masista sita wakashuka Unguja pamoja na padri Fava aliyetoka Réunion na wenzake. Kina padri Horner wa Roho Mtakatifu, ambao ndo kila mtu anawataja kama waanzilishi, wamekuja 1863, na misheni ya Bagamoyo ni 1868. Kwa hiyo masista walikuwa wameshatangulia kitambo, wanauguza watu na kulea watoto waliokombolewa mjini Unguja wakati soko la watumwa bado linafanya biashara mchana kweupe (limekuja kufungwa 1873, enzi za Sultan Barghash). Baadae watoto wakaletwa huku bara, wavulana kwa mapadri, wasichana kwa masista, kusoma, kushona, kufua, kulima. 1872 kimbunga kikaja kikaangusha karibu kila kitu wakaanza upya, ndo maana majengo mengi unayoyaona ni ya baada ya hapo.

Ila sitawasifia tu nikaishia hapo. Mtoto ananunuliwa sokoni kwa hela, anakombolewa, sawa, lakini hapohapo anabatizwa na kuingizwa kwenye maisha ya kengele, sala, shamba, darasa, shamba tena, na akishakua kijana wa upande wa mapadri anaozeshwa na binti wa upande wa masista wanapewa kibanda na kipande cha shamba kwenye kijiji cha misheni. Kwao ni wapi, kabila gani, mama yake yuko hai? Wengi hawakurudi makwao. Mi naona walitolewa kwenye jehanamu ya kweli, hilo halina ubishi, ila uhuru wao ulikuwa na ratiba iliyopangwa na mtu mwingine, na ukiingia na hilo kichwani utaangalia zile picha tofauti kabisa.

Nje kuna mbuyu mkubwa uliopandwa 1868, usipite bila kuinama kidogo kwenye shina. Kuna kipande cha mnyororo kimetokeza, chenye kutu, kingine chote mti umekimeza. Shangazi akashika kichwa, "Masikini, hapa ndo walikuwa wanafungwa watumwa?" Yule kijana anayetembeza wageni akacheka kwa adabu, "Hapana shangazi, hapo alikuwa anafungwa punda." Wanasema punda wa Madame Chevalier, mama wa Kifaransa aliyekuwa na zahanati. Shangazi alinuna mpaka makaburini, nadhani alishajiandaa kulia.

Makaburini ndo usome majina na miaka. Mapadri, mabruda, masista, malaria imewafyeka wengi wakiwa bado vijana wadogo.

Huduma ni nzuri, kijana anajua anachoongea na hakukimbizi, kiingilio cha Mtanzania hakiumizi. Nyota tano kwa makumbusho. Nyota zero kwa bajaji mmoja wa stendi aliyetaka kutulipisha bei ya wazungu mpaka alipomsikia shangazi akifungua mdomo, Kitanga kile, bei ikashuka yenyewe.

Jumapili asubuhi kuna misa, nendeni mchana. Na kama mtashuka mpaka kwenye msalaba wa baharini vaeni viatu vya maana, ule mchanga saa saba unaunguza balaa.