Daraja la Gitaa la Umeme Katika Hewa ya Mombasa: Lipi Linunuliwe, na Skurubu Zipi Zikaguliwe

Malalamiko ninayoletewa mara nyingi na wapiga gitaa wa Mombasa kuhusu madaraja waliyonunua, yaani vile vipande vya chuma vinavyobeba nyuzi juu ya kiwiliwili cha gitaa, hayahusu sauti hata kidogo. Mtu amechongewa kiwiliwili cha mvule na seremala, akatafuta shingo nzuri, akalikamilisha gitaa lake kwa daraja linalong'aa, na kabla kusi haijakwisha kuvuma anagundua kwamba uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko zote, unagonga freti za shingoni (vile vijiti vya chuma) na hawezi kuuinua, kwa kuwa zile skurubu mbili ndogo zisizo na kichwa zilizo chini yake zimeganda kwa kutu na tundu la alenki, ule ufunguo mdogo wa pembe sita, limeshalika. Daraja bado linang'aa, lakini halirekebishiki tena.

Kwa sababu hiyo sitakalia mjadala wa daraja lipi linalorefusha mlio wa uzi, wala sitazungumzia rangi, ila nitasema tu kwamba ile ya dhahabu huchubuka mapema kuliko zote chini ya kiganja chenye jasho.

Daraja la kawaida la mtindo wa Stratocaster, gitaa la kampuni ya Fender ya Marekani, lina vibebeo sita, yaani vipande vidogo ambavyo nyuzi hulala juu yake, kimoja kwa kila uzi. Kila kibebeo husimama juu ya skurubu mbili za kimo na huvutwa nyuma na skurubu moja ndefu yenye springi, kwa hiyo daraja moja lina skurubu 18, na 12 kati yake ni zile zisizo na kichwa ambazo muuzaji hazitaji kamwe. Hizo ndizo zinazokufa kwanza hapa kwetu. Zimepakwa nikeli au kromu nyembamba mno, na ndani ya tundu lake upako huo hukwanguliwa na alenki siku ya kwanza kabisa, kisha chumvi ya upepo wa bahari na chumvi ya jasho hukutana humo humo. Ikiwa skurubu ni ya chuma na kibebeo ni cha brasi, basi unyevu wenye chumvi utakula chuma kwanza, jambo ambalo fundi yeyote wa mashua analifahamu. Ikiwa kibebeo ni cha aloi ya zinki, mambo hugeuka: zinki ndiyo inayoliwa, unga mweupe hujitokeza, na meno ya kibebeo humong'onyoka hata ukiwa na skurubu mpya mkononi.

Lipo na suala la alenki yenyewe. Vibebeo vingi vya Fender vinavyotengenezwa Marekani hutumia alenki ya inchi 0.050, yaani milimita 1.27, ilhali vya Asia kwa kawaida hutumia milimita 1.5. Seti zinazouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi mjini ni za milimita, na nyingi huanzia 1.5, hivyo mwenye daraja la Kimarekani hujikuta akichokoa tundu kwa bisibisi ya miwani mpaka linakuwa duara. Alenki ya 1.3 husaidia, mradi si iliyochakaa.

Vipimo navyo havina huruma, ingawa vinajulikana na havihitaji maneno mengi. Daraja la zamani linalofungwa kwenye kiwiliwili kwa skurubu sita lina milimita 56 kutoka katikati ya skurubu ya kwanza hadi ya sita, lakini magitaa mengi ya Fender yaliyotengenezwa Mexico na mengi ya Asia yana 52.5, na tofauti hiyo ndogo inatosha kukulazimisha uzibe matundu na kutoboa upya. Daraja la Fender la kisasa la nguzo mbili lina 56 kati ya nguzo, na Floyd Rose, lile lenye mkono wa kutikisa sauti na kufuli za nyuzi, lina 74. Kama kiwiliwili chako hakijatobolewa, pima urefu wa uzi kwanza, kwani mtindo wa Fender ni milimita 648 na wa Gibson, kampuni nyingine ya Marekani, ni takriban 628, kisha uweke kibebeo cha uzi wa kwanza kwenye kipimo hicho kikiwa karibu na mwisho wake wa mbele, ili vya nyuzi nene vipate nafasi ya kurudi nyuma.

Katika nafasi ya kwanza naweka madaraja ya Gotoh ya Japani, na sioni haja ya kuficha kwamba ninayapendelea. Uchongaji wake ni safi, matundu ya alenki hayaliki haraka, vipimo ni vya milimita, na katika aina ya 510 yenye nguzo mbili kila nguzo ina skurubu ya ndani inayoifunga isicheze, jambo lenye faida kubwa katika mbao zinazovimba na kusinyaa kwa unyevu wetu. Anayetaka tremolo, yaani daraja lenye mkono wa kutikisa sauti, anunue hilo, na asiyetaka achukue lisilosogea la kampuni hiyo hiyo. Wilkinson VS100 nalo limetoka katika kiwanda cha Gotoh, lakini jina la Wilkinson liko pia juu ya madaraja ya bei nafuu yanayotengenezwa Korea, kwa hiyo jina peke yake halitoshi, bali soma namba ya modeli.

La pili ni daraja la mtindo wa Telecaster, gitaa jingine la Fender, lenye vibebeo vitatu vya mviringo, ambalo watu hulidharau kwa sababu ni la mwaka 1950 na linaonekana kama kipande cha bati. Mimi nahesabu skurubu: sita za kimo na tatu za urefu, yaani nusu ya zile za Stratocaster. Kasoro yake ni kwamba nyuzi mbili hushiriki kibebeo kimoja, hivyo haziwezi zote kutoa noti sahihi kabisa unapopanda juu shingoni, lakini vibebeo vilivyokatwa kwa mshazari hupunguza tatizo hilo hadi sikio la kawaida lisiligundue.

Daraja la Tune-o-matic, lililobuniwa Gibson chini ya Ted McCarty mwaka 1954, ningelipa nafasi ya pili kama si shingo. Halina skurubu ya kimo kwa kila uzi, ni magurudumu mawili tu ya pembeni, na kutu haina pa kujificha. Hata hivyo hukaa juu, kwa hiyo shingo isiyoinamishwa nyuma haitalifikia, na mwinuko wake uliopangwa kwa ubao wa shingo wenye mviringo wa nusu kipenyo cha takriban milimita 305 hautalingana na shingo ya 241 mpaka mifereji ya vibebeo ichongwe kwa tupa.

Floyd Rose ni la mwisho, isipokuwa kwa anayelihitaji kweli. Ukilazimika, epuka aina ya Special, ambayo vibebeo vyake ni vya aloi ya zinki, na uchukue Original au 1000 Series.

Yale ya bei ya chini kabisa yasiyo na jina yanafaa kwa jaribio.

Wauzaji wanastahili aya yao. Nimekutana na daraja lisilo na chapa likiwa ndani ya kijisanduku chenye jina kubwa, na nimekutana na muuzaji aliyetaja bei moja kabla ya kuuliza napiga wapi na bei nyingine aliposikia neno hoteli. Kinachonikera zaidi ni kukataa kufungua pakiti ili mteja apime, kana kwamba rula itaiba mali. Kuagiza nje si njia ya mkato, kwa kuwa zaidi ya gharama ya usafirishaji kuna ushuru, na juu yake huja kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, hivyo daraja dogo lililosafirishwa peke yake kwa ndege hugeuka kuwa ghali kuliko linavyostahili. Agizeni wawili au watatu kwa pamoja.

Lolote utakalochagua, badilisha zile skurubu ndogo za kimo zisizo na kichwa, kama linazo, kabla ya kulifunga. Zinazofaa ni za chuma kisichoshika kutu cha kiwango cha A4, ambacho kina molibdeni na huvumilia chumvi kuliko A2. Waulize wanaouza vifaa vya mashua upande wa Mtwapa. Kwa madaraja mengi ya Asia ukubwa ni M3, fupi kwa nyuzi za pembeni na ndefu kidogo kwa za katikati, ili zisichomoze na kukwaruza kiganja. Paka mafuta mazito kidogo kwenye meno. Lakini kwa daraja la Kimarekani usijaribu M3 hata kama inaonekana kuingia, kwa sababu meno yake ni ya kipimo cha 4-40 na skurubu ya M3 itayaharibu mizunguko ya kwanza tu.